Sura Iliyokataa Kufutwa

Sehemu ya Saba

Siku saba nzima, msomaji, umeishika kamba ya pazia lile mkononi. Iachie sasa. Lianguke.

Likaanguka.

Na ukumbi mzima wa kiwanda cha mikate, watu mia tatu waliokuja kula keki na kupiga makofi, ukapigwa na bumbuazi.

Walichoahidiwa ni picha ya waasisi: ndugu wawili wa kiume, mashati meupe, mbele ya tanuri la kwanza, miaka thelathini iliyopita. Picha hiyo ya zamani, ndugu mkubwa, ambaye sasa ndiye Mkurugenzi, aliipeleka studio yeye mwenyewe ikakuzwe. Ndani yake alikuwemo pia dada yao. Kuhusu dada, Mkurugenzi aliacha agizo fupi.

"Mfute. Asibaki hata kivuli."

Kilichojaa kwenye skrini sasa ni huyo dada.

Dada, kutoka sakafuni mpaka darini. Macho kama masinia. Mashavu yake yamevishwa ganda la mkate ulioungua, jeusi, lenye nyufa, na ndani ya nyufa mna rangi ya makaa. Ndugu zake wawili wamekatwa vipande vyembamba, slesi kwa slesi, wakapangwa chini ya kidevu chake kama mkate uliosahauliwa mezani.

Nyuma ya kompyuta, kwenye meza ya projekta, alikaa binti aliyefanya hayo. Jina lake la kuzaliwa hata majirani wamelisahau. Wanamwita Pikseli, kwa sababu akianza kukuza jicho la mtu kwenye kompyuta haachi mpaka jicho liwe vyumba vya rangi tupu. Ni fundi wa kuhariri picha katika studio ya shangazi yake. Mchana analainisha ngozi za maharusi na kung'arisha meno ya wanasiasa. Akibaki peke yake anazikata sura, anazipindua, anazibandika juu ya kutu, juu ya majani, juu ya ukuta uliobanduka rangi, anatafuta kitu ambacho kamera ilikiona ikanyamaza.

Mikono aliiondoa kwenye kipanya. Akaikalia.

"Zima!" Mkurugenzi alifoka jukwaani. "Zima uchafu huo!"

Mdogo wake, yule wa pili pichani, sasa ni mtu mzima mwenye kitambi na jukumu la magari ya kusambaza mikate, akaruka ngazi mbili kwa mpigo, akaufikia waya wa projekta, akauchomoa.

Skrini ikafa.

"Aaah!" ukumbi ukalalamika kwa sauti moja.

"Washeni bwana!" mtu akapaza sauti kutoka viti vya wateja. "Ndiyo kwanza tunaanza kuona!"

"Yule mama ni nani?" akauliza mwingine.

"Rudisha! Rudisha!" Sasa wanapiga meza. Waokaji waliokaa nyuma, bado wamevaa kofia zao nyeupe, nao wakadakia. Hata mwandishi wa habari aliyekuwa anasinzia alifungua daftari.

Mkurugenzi hakujenga kiwanda kwa ujinga. Aliutazama ukumbi kama anavyolitazama donge la unga, akajua limeshaumuka na halirudi ndani ya bakuli. Akakunja uso mmoja, akakunjua mwingine.

"Jamani, jamani!" Akacheka kwenye kipaza sauti. "Tulitaka kuwapa hamu tu! Mdogo wangu, rudisha waya."

"Kaka?"

"Nimesema rudisha."

Waya ukarudi. Uso ukarudi, na safari hii ukumbi ulipiga makofi.

Pikseli alitoa mikono chini ya mapaja. Alijiandaa kutukanwa, kufukuzwa, hata kukamatwa. Kwa makofi hakujiandaa.

Mkurugenzi akashuka, akamwinamia sikioni huku akiwatabasamia wageni. "Sikiliza wewe binti. Kuanzia sasa hii ni kazi niliyokuagiza mimi. Nitakupa ofisi hapa kiwandani. Matangazo yote, vifungashio vyote, utachora wewe. Unachotakiwa ni kufunga mdomo."

"Uliniagiza nimfute."

"Nani kasikia?"

Hakusubiri jibu. Akapanda tena jukwaani, akaweka mkono kifuani.

"Ndugu wageni. Sanaa mnayoiona ni wazo langu. Nimeamua tumkumbuke dada yetu mpendwa, tuliyeanza naye kazi hii. Tulimwita Hamira, maana bila yeye hakuna kilichoumuka." Akatoa kitambaa, akagusa jicho kavu. "Dada yetu, ambaye leo hatunaye tena..."

"Mnaye!"

Sauti ilitoka safu ya katikati, upande wa wateja. Siku hiyo mlango ulikuwa wazi kwa yeyote mwenye karatasi ya kufungia mkate wa kiwanda, na mwanamke aliyesimama alikuwa ameikunja ya kwake mkononi. Gauni la kijivu. Nywele nyingi nyeupe. Na uso ule ule wa kwenye skrini, uliozidishwa miaka thelathini.

"Mnaye," akarudia. "Nimekuja na karatasi yangu kama mteja yeyote. Endelea kunililia, kaka. Nilikuwa nasikiliza."

Kitambaa kilimdondoka Mkurugenzi.

Nyuma, mwokaji mmoja mzee alivua kofia. "Hamira!" akaita. "Ni Hamira mwenyewe!"

Sasa ungedhani, msomaji, kwamba Hamira angekwenda jukwaani amkabe kaka yake. Ndivyo ukumbi ulivyodhani, ukampisha njia. Lakini Hamira aliifuata njia ile nusu tu, kisha akakata kushoto, akaja moja kwa moja kwenye meza ya projekta.

Pikseli akasimama. "Shikamoo, mama."

"Shikamoo yako iweke hapo kwanza. Wewe ndiye uliyenibabua hivi?"

"Mama, mimi... walitaka nikufute. Nikakataa."

"Nimeelewa walichotaka. Nakuuliza ulichotaka wewe. Nani alikupa ruhusa ya kuuchukua uso wangu ukaupaka masizi?"

"Sikujua unapatikana wapi."

"Ulinitafuta?"

Pikseli alifungua mdomo. Ukweli ulikuwa mfupi: hakumtafuta. Kwa wiki tatu aliutazama uso ule kila siku, akaujua kila kinyweleo chake, na haikumpitia akilini hata mara moja kwamba mwenye uso huenda yupo mahali anakunywa chai.

"Hapana, mama," akasema.

"Wale walitaka nisiwepo. Wewe umetaka niwepo, lakini kwa namna yako. Umenifanya mkate." Watu wakacheka, Hamira hakucheka. "Tofauti yako na wao iko wapi?"

Yalimwingia. Angeweza kujitetea: ile ni sanaa, nia ilikuwa njema, watu wamepiga makofi. Maneno hayo yalikuja mpaka kwenye ulimi na yote yakanuka kama hotuba ya Mkurugenzi.

Pikseli akavuta kiti chake. Akakipangusa kwa kiganja.

"Kaa hapa, mama. Picha iko wazi. Niambie unavyotaka, mimi nitakuwa mikono yako."

"Hakuna kukaa!" Mkurugenzi alisahau kipaza sauti kiko wazi, ukumbi mzima ukamsikia. "Wewe mama, toka nje! Walinzi!"

Walinzi wawili wakasogea. Waokaji nao wakasogea. Walisimama tu mbele ya meza, kofia nyeupe kwa kofia nyeupe, harufu ya chachu na jasho la asubuhi. Walinzi wakaangaliana, na mmoja akagundua ghafla kwamba kamba ya kiatu chake imefunguka.

Hamira akakaa.

Pikseli akapiga goti pembeni yake, akashika kipanya. Upande wa kulia wa skrini ikatokea orodha ndefu.

"Haya yote ni matabaka," akaeleza. "Ganda la mkate liko kwenye tabaka lake. Rangi ya makaa, lake. Kila moja lina alama ya jicho kando. Ukilifumba jicho, tabaka linajificha. Ukilifumbua, linarudi. Chini kabisa iko picha yenyewe, haijaguswa."

"Kwa hiyo hujafuta kitu."

"Hata nukta."

Hamira alisogea mbele. Miwani yake ilikuwa na mkono mmoja uliofungwa kwa uzi. "Fumba hayo makaa. Mimi si shetani."

Tiki. Makaa yakazimika.

"Shingo umenirefushia."

"Kidogo, mama. Ilipendeza."

"Rudisha shingo yangu. Na mkono wangu umeupeleka wapi? Nilikuwa na alama ya moto hapa." Akapandisha mkono wa gauni, kovu lilikuwepo, la umbo la kijiko. "Hii niliipata siku ya mkate wa kwanza. Ulioungua ni mkono, mkate ulitoka salama."

Ukumbi ukacheka tena, na safari hii Hamira naye alicheka kidogo. Pikseli akalitafuta kovu kwenye picha ya chini, akalikata, akalikuza, akalileta juu. Akalipindua mpaka likalala kwenye ukingo wa skrini, la kijivu na jeusi, refu kama barabara inayoonekana kutoka angani.

"Hapo?"

"Hapo." Hamira akaligusa kovu lake. "Hapo umejua. Na ganda la mkate kwenye mashavu, liache. Lilinikera nilipoliona mara ya kwanza. Sasa naona linanifaa."

"Na hawa wawili?" Pikseli alikielekeza kipanya kwenye slesi. "Niwaondoe?"

Mdogo mtu, aliyekuwa bado ameushikilia waya, aliinamisha kichwa kama anayesubiri kunyolewa.

"Warudishie sura zao," Hamira akasema.

"Wote wawili?"

"Wote. Mimi simfuti mtu. Huyu mdogo alikuwa na miaka kumi na tisa, aliyaamini aliyoambiwa. Na huyu mkubwa mweke vizuri, mwongezee mwanga. Nataka watu wakikutana naye njiani wamtambue."

Vicheko vilipasua dari. Pikseli akaziunganisha slesi moja moja, na ndugu wawili wakarudi, vijana, wembamba, vumbi la unga kwenye nyusi. Sasa walikuwa wadogo kwenye kona ya uso wa dada yao, wamesimama kama wageni wanaobisha hodi.

Haikuwa tena kazi ya Pikseli. Haikuwa picha ya Mkurugenzi. Alipoitazama, binti yule aliona kitu alichokihangaikia miaka minne bila kukipata, na aliona pia kwamba asingekipata peke yake.

"Sasa," Hamira akasema polepole, "fumba yote. Nionyeshe ile ya chini."

Jicho kwa jicho, matabaka yakafumbwa. Ikabaki picha ya kale, nyeupe na nyeusi: ndugu wawili, tanuri, na Hamira kijana kwenye ukingo wa kulia, anacheka.

Hamira aliitazama muda mrefu. Kisha akauweka mkono wake mzee juu ya mkono wa Pikseli ulioshika kipanya.

"Picha hii si nzima."

"Ndivyo ilivyoletwa, mama."

"Nitazame bega. Unaona vidole?"

Pikseli akakuza. Akakuza tena. Kwenye bega la Hamira kijana, pale karatasi ilipoishia, palikuwa na vidole vinne. Wiki tatu alidhani ni mkunjo wa shati.

"Vidole vya nani?"

"Vya mume wangu. Fundi aliyelijenga hilo tanuri, tofali kwa tofali." Sauti yake ilishuka. "Picha ilikuwa moja. Niliitundika ukutani. Yeye akasafiri kwenda kununua matofali ya moto, na wiki ya pili kaka yangu akaniletea habari kwamba gari limepinduka, amekufa, wameshamzika huko huko. Nilipomaliza kulia nikakuta hata picha haipo ukutani. Nikasema mimi kazi naiacha, siwezi kuokea ndani ya tanuri lake. Hivyo ndivyo nilivyoondoka. Hawakunifukuza, nisiwasingizie."

"Ni zamani hiyo!" Mkurugenzi alikuwa ameshuka jukwaani, jasho limemlowesha kola. "Dada, njoo ofisini tuyazungumze kifamilia. Binti, nipe hiyo picha. Karatasi yenyewe. Ni mali yangu."

Bahasha yenye karatasi hiyo ilikuwa mezani. Mkurugenzi alirusha mkono. Pikseli alikuwa mwepesi zaidi. Akaitoa karatasi, na katika kuivuta mbali naye, ikageuka.

Nyuma kulikuwa na muhuri wa studio, wino wa bluu uliopauka. Chini ya muhuri, mwandiko wa kalamu:

*Mtu wa kulia akatwe. Kazi ya haraka. Mteja anasubiri.*

Pikseli aliyasoma maneno hayo mara mbili. Muhuri aliujua, bado upo kwenye droo ya kaunta. Lakini mwandiko... Ile *k* yenye mguu mrefu unaopita chini ya mstari. Mwandiko uliomfundisha kuhesabu sahani za dawa za kusafishia picha. Uliomwandikia barua ya ruhusa shuleni kila alipougua.

Akainua kichwa, akatazama safu ya mbele, kilipokuwa kiti cha shangazi yake.

Shangazi alikuwa ameshasimama.

Ni mwanamke mnene, mpole, ambaye wateja humpenda kwa sababu huwachekesha kabla ya kubonyeza kamera. Sasa uso wake haukuwa na kichekesho hata kimoja. Alikuja mpaka mezani, kila hatua kama amebeba ndoo.

"Ni mwandiko wangu," akasema, kabla hajaulizwa.

"Shangazi..."

"Nilikuwa msichana wa kazi pale studio, sijawa mwenye studio. Huyu bwana alikuja na picha, akasema kuna mtu ameharibu jina la familia, akatwe. Nikaandika, nikachukua wembe, nikakata. Sikuuliza." Akamgeukia Mkurugenzi. "Miezi miwili iliyopita ulipoirudisha picha ile ile, na agizo la kumfuta mtu mwingine, niliitambua kabla hujaiweka kaunta. Nikasema safari hii wembe siushiki. Na nilipoona huyu mtoto wangu naye amekataa, sikumzuia. Nilimfungia mlango wa nyuma asisumbuliwe, ndicho nilichofanya."

"Wewe mama," Mkurugenzi alisema kwa meno, "hesabu maneno yako."

"Nimeyahesabu miaka thelathini. Yametosha."

Pikseli hakuwahi kumsikia shangazi yake akimjibu mteja hivyo. Hakujua kama anaona hasira au anaona fahari, na hakuwa na nafasi ya kuchagua.

Hamira alisimama polepole. "Dada," akamwambia Shangazi, "uliyemkata, ulimtazama usoni?"

"Nilimtazama. Mtu ukimkata kwa wembe unaogopa kumkata jicho, kwa hiyo unamtazama sana. Kovu kwenye nyusi ya kushoto. Sikio moja limekaa juu kuliko lenzake."

"Ndiye." Hamira alishika ukingo wa meza. "Ndiye, Mungu wangu. Angalau kuna mtu mwingine anayemkumbuka marehemu."

Shangazi alimtazama Pikseli, akamtazama Hamira.

"Mama," akasema, "mimi nilikuwa sijui kwamba uliambiwa amekufa. Nimesikia hapa, sasa hivi, kwa masikio haya. Ningejua ningekutafuta kwa miguu."

"Unasema nini?"

"Nasema mwezi uliopita aliingia mtu studio, akakaa kwenye kile kiti changu, nikanyanyua kamera. Kovu kwenye nyusi ya kushoto. Sikio moja juu. Nilimpiga picha nne ndogo, za pasipoti. Aliniambia anaondoka nchini na harudi."

Waya ulimponyoka mdogo mtu, ukachomoka. Skrini ikazimika tena, na safari hii hakuna aliyelalamika.

"Anaondoka lini?" Hamira alinong'ona. "Dada! Lini?"

"Jumamosi," Shangazi akasema. "Jioni ya Jumamosi hii. Leo."

Macho ya watu mia tatu yakageukia saa ya ukutani. Ilikuwa saa nane na robo mchana.

"Kaka," mdogo mtu akaita, sauti imekauka, "ulisema ulimzika. Ulisema ulishika koleo wewe mwenyewe. Kaka?"

Mlango wa pembeni ulikuwa unacheza kwenye bawaba zake. Na huko nje, kwenye uwanja wa magari, injini ya gari la Mkurugenzi ilikuwa imeshanguruma.